Usisome "i7" peke yake, soma namba yote

Ukizunguka maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, neno la kwanza utakaloambiwa ni "hii ni i7", yaani aina ya prosesa ya Intel. Linatamkwa kana kwamba limemaliza mazungumzo. Core i7-4790 ya mwaka 2014 ina kori 4 (vitengo vya kufanyia kazi) na nyuzi 8 (mistari ya kazi inayoendeshwa kwa wakati mmoja). Core i3-12100F ya mwaka 2022 nayo ina kori 4 na nyuzi 8, ila kila kori ya i3 hiyo inafanya kazi nyingi zaidi katika kila mzunguko, na kwenye gemu inaiacha i7 mbali. Anayelipia neno "i7" bila kuuliza kinachofuata analipia jina.

Kinachofuata baada ya kistari ndicho chenye habari. 4790 ni kizazi cha 4, 8500 ni cha 8, na ikiwa namba ina tarakimu tano, zile mbili za mwanzo ndizo kizazi: 12100 ni cha 12. Kisha tazama herufi ya mwisho. F maana yake prosesa haina sehemu ya picha, kwa hiyo bila kadi ya grafiki skrini itabaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima. T ni ya kutumia umeme mdogo, na kasi yake imepunguzwa. Hukutwa sana kwenye vikompyuta vidogo vya ofisini. K ni ya wanaoongeza kasi wenyewe, na kwenye madabodi ya bei nafuu kulipia herufi hiyo ni kupoteza pesa bure.

Upande wa AMD, mshindani wa Intel anayetengeneza Ryzen, G ina picha yake ndani, na nyingi za familia ya 5000 zisizo na G hazina. Hapa kuna mtego unaowakamata hata wazoefu. Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600 zote zina kori 6 na nyuzi 12, majina yanakaribiana, na bei wakati mwingine pia. Lakini 5600 ina kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32 na PCIe (njia ya data kwenda kwenye kadi ya grafiki) 4.0, wakati 5500 ina MB 16 na PCIe 3.0. Kache kubwa inahisika kwenye gemu, kwa sababu prosesa inapunguza safari za kwenda RAM. PCIe inahisika pale kadi yako inapokuwa RX 6400 au RX 6500 XT, ambazo zinatumia njia 4 tu. Kwenye PCIe 3.0 upana wa njia hizo unapungua kwa nusu, na kumbukumbu ya kadi hizo ya GB 4 ikijaa, gemu inaanza kukwama-kwama. Mwenye RX 6600, yenye njia 8 na GB 8, hataona tofauti kubwa. Kumbuka pia kwamba madabodi za B450 na A520 ni PCIe 3.0 hata ukiweka 5600, inayofungua 4.0 ni kama B550. Ryzen 5 4500 ina kache ya MB 8 tu. Hiyo iache dukani, labda upewe kwa bei ya kutupa.

Kabla ya kuchagua, jiulize skrini yako ni ya hezi ngapi. Ya hezi 60 inaonyesha fremu 60 kwa sekunde na basi. Kwa skrini hiyo, prosesa ya kawaida inatosha na pesa iliyobaki iende kwenye kadi ya grafiki. Ukiwa na hezi 144 na unacheza Valorant au Counter-Strike 2 kwa picha ya chini, mzigo unahamia kwenye prosesa, na hapo kori zenye kasi zinaonekana thamani yake.

Kwa kompyuta mpya ya bei ya chini, kwangu mimi chaguo ni mbili. Ya kwanza ni Ryzen 5 5600. Ya pili ni Core i5-12400F, kori 6 na nyuzi 12, kache ya MB 18. Bei ya Dar es Salaam au Nairobi ndiyo iamue, lakini linganisha prosesa pamoja na madabodi yake, si prosesa peke yake. Core i3-12100F kwenye madabodi ya H610 ndiyo njia ya bei ndogo zaidi. Inacheza vizuri, ila gemu zinazotawanya kazi kwenye nyuzi nyingi huibana: wastani wa fremu unabaki mzuri, lakini gemu inashtuka ghafla ukiingia mahali penye watu wengi. Kwenye boksi, zote tatu huja na feni. Zinazouzwa bila boksi hazina, kwa hiyo ongeza bei ya feni kabla ya kusema umepata nafuu.

Madabodi ya B450 iliyokaa rafuni muda mrefu inaweza isiitambue 5600. Dalili yake: feni zinazunguka, taa zinawaka, picha haitoki. Wengi hudhani prosesa imekufa na kuirudisha. Tatizo ni BIOS ya zamani (programu ya msingi ya madabodi), na muuzaji anaweza kuisasisha kwa kutumia prosesa ya zamani kabla hujaondoka dukani. Mwambie afanye hivyo mbele yako. Kwa upande wa Intel, madabodi za kizazi cha 12 zipo za DDR4 na za DDR5, na RAM ya aina moja haiingii kwenye nyingine.

Sasa kompyuta za ofisini za mtumba, maana wengi ndiko tunakoanzia. Anzia kizazi cha 8, kwa mfano i5-8500 yenye kori 6, inayopatikana kwenye Dell OptiPlex 7060 na HP EliteDesk 800 G4. Sababu si kasi tu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi hicho. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ambazo ni kinga za usalama za kompyuta. Usinunue madabodi ya kizazi cha 6 au 7 ukitumaini kuja kuiwekea 8500: soketi inaitwa LGA1151 kote, prosesa inaingia, lakini haiwaki.

Chagua kesi ndefu. Ile nyembamba inakubali kadi za kimo kifupi tu (low profile) kama RX 6400, na ile ndogo kabisa haikubali kadi ya kawaida. Pawa saplai zake ni ndogo na mara nyingi hazina waya wa kulisha kadi, kwa hiyo tafuta kadi inayokula umeme wa nafasi yake ya PCIe kwenye madabodi peke yake, wati 75 kwenda chini. Zipo GTX 1650 za namna hiyo.

RAM iwe vipande viwili, 8 na 8, badala ya kimoja cha 16. Ukitumia 5600G bila kadi, hili si la hiari, kwa kuwa picha yenyewe inaishi kwenye RAM. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili. Bila hivyo RAM nyingi za 3200 hutembea kwa kasi ya chini, kama 2133 au 2400, hadi siku zinakufa. Fungua Task Manager, sehemu ya Memory, usome namba ya Speed.

Kabla ya kulipia prosesa ya mtumba, fungua programu ya CPU-Z uhakikishe jina, kori na ukubwa wa kache. Endesha Cinebench, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito, dakika kumi huku ukiangalia joto. Kwa hali ya hewa ya Dar au Mombasa, inayokaribia nyuzi joto 95 dukani itakusumbua nyumbani. Ryzen PRO (toleo la kompyuta za ofisini) iliyotolewa kwenye kompyuta ya Lenovo iulizie mara mbili, kwani baadhi hufungwa zisiwake kwenye madabodi ya kampuni nyingine, na kufuli hilo halifunguki.

Ukimwona fundi anang'oa feni ya AM4 (soketi ya Ryzen hizi) kwa kuivuta juu, mzuie. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa, na pesti iliyokauka kati yake na feni inaing'oa pamoja na feni, pini zikapinda. Iwashwe kwanza ipate joto, izimwe na waya wa umeme uchomolewe, kisha feni izungushwe kidogo kushoto na kulia mpaka ilegee yenyewe.