Maisha ya kazi ya beki: jibu kwa winga anayeambiwa arudi nyuma

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kweli kwamba beki hucheza soka la kulipwa kwa miaka mingi kuliko mshambuliaji, na kama umkubalie kocha anayetaka kukutoa kwenye winga na kukupeleka kwenye ulinzi ukiwa na miaka 19. Nimeishi kwa kazi hiyo, nikianzia pembeni na kumalizia katikati, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe na kwa yale yanayofahamika wazi katika soka.

Beki anaweza kudumu, lakini si nafasi yenyewe inayomdumisha. Anayedumu ni yule anayejifunza mapema kuupata mpira bila kulazimika kuugombania. Watu hupenda kumtaja Paolo Maldini, aliyeingia kikosi cha kwanza cha AC Milan mwaka 1985 akiwa na miaka 16 na kustaafu mwaka 2009 akikaribia kutimiza miaka 41. Wanachosahau ni kwamba alijulikana kwanza kama beki wa kushoto, na katika miaka yake ya baadaye alicheza zaidi katikati, mahali ambapo kujipanga kuna thamani kuliko mbio ndefu. Pepe wa Ureno naye alicheza Euro 2024 akiwa na miaka 41, kisha akastaafu. Hao ni wa kipekee. Wengi niliocheza nao waliacha wakiwa na thelathini na kidogo, ama kwa sababu ya goti, ama kwa sababu simu ya wakala iliacha kuita.

Kwa mtu aliyekuwa winga, ningeshauri kuanzia ubeki wa pembeni. Unamjua tayari mpinzani wako: unajua anavyoegemea mguu mmoja kabla ya kukatisha ndani, na unajua ni wakati gani anajifanya anapiga krosi. Zaidi ya hapo, mstari wa pembeni unakusaidia kumkaba, kwa sababu ana upande mmoja tu wa kutorokea. Nilipohamishiwa katikati niligundua kwamba msaada huo haupo tena. Mtu anaweza kupita kushoto au kulia, mwingine yuko mgongoni, na mpira unaweza kuja kwa juu wakati wowote.

Hapo ndipo kazi halisi ya beki ilipo, na mashabiki huiona kwa nadra. Kabla mpira haujapigwa, unapaswa kuwa umeshageuza kichwa mara kadhaa kumtafuta mshambuliaji aliye nyuma yako, mwili wako ukiwa umekaa upande ili usipoteze hatua wakati wa kugeuka. Mpinzani mwenye mpira akibanwa na kuinamisha kichwa, safu nzima inapanda. Akipata nafasi na kuinua macho, safu inashuka kabla hajapiga, wala haingoji apige. Tangu mwaka 1990 mshambuliaji aliye sawa na mpinzani wa pili kutoka mwisho (kipa akihesabiwa) hahesabiki ameotea, hivyo beki mmoja akichelewa nusu hatua anauvunja mtego wa kuotea wa wenzake wote. Marudio ya video ya siku hizi yanaionyesha nusu hatua hiyo bila huruma. Nilikuwa na mwenzangu wa katikati ambaye tulielewana kwa maneno matatu tu, "toka", "baki" na "mtu", na kipindi hicho ndicho nilichoonekana beki bora kuliko nilivyokuwa. Alipouzwa, watu walisema nimeshuka kiwango. Jiandae kwa jambo hilo: sehemu ya thamani yako inakaa kwa mtu anayecheza ubavuni mwako.

Kuhusu mpira miguuni, una bahati. Tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kudaka pasi aliyorudishiwa makusudi kwa mguu na mchezaji mwenzake, na tangu mwaka 2019 beki anaweza kupokea mpira wa goli ndani ya eneo lake la penalti. Mabadiliko hayo mawili yamemfanya beki asiyeweza kutoa pasi huku akibanwa kuwa mgumu kuuzika. Winga wa zamani ana mguso ambao wengi wetu tuliufundishwa ukubwani.

Usihangaike sana na urefu. Fabio Cannavaro, mwenye takribani mita 1.75, alishinda Ballon d'Or mwaka 2006 akiwa beki wa kati, ingawa ni kweli kwamba hakuna beki mwingine aliyeichukua tangu wakati huo. Sifa kubwa na tuzo huenda mbele. Ukiwa unazihitaji ili uamke asubuhi uende mazoezini, baki winga.

Mwili ndio jambo ambalo makocha hawakuambii. Nyama za nyuma ya paja huumia kwa mbio za ghafla za kurudi nyuma, na goti huumia pale mguu unapokwama kwenye nyasi wakati mwili unageuka. Lakini kinachonifikirisha zaidi sasa ni vichwa, yaani kuupiga mpira kwa kichwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walionyesha kwamba wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland walikuwa na uwezekano wa kufa kwa magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo mara tatu na nusu kuliko watu wa kawaida, na uchambuzi wao wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa mabeki ndio walioathirika zaidi huku makipa wakifanana na watu wa kawaida. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba chanzo ni vichwa, ila mwelekeo huo unatosha kukufanya uwe mwangalifu. Uingereza ilielekeza mwaka huo wa 2021 kwamba vichwa vya nguvu mazoezini visizidi kumi kwa wiki. Jifunze ufundi wa kichwa kwa mipira ya kurushwa taratibu, na usione haya kumwambia kocha kwamba imetosha.

Sasa suala la mkataba, ambalo vijana wengi hulisoma mwisho. Kanuni za FIFA zinaruhusu mkataba wa hadi miaka mitano, isipokuwa sheria za nchi ziseme vingine, na zinamfungulia mlango mchezaji aliyekwisha kukomaa aliyecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu kudai kuuvunja. Kuna klabu iliyowahi kuniwekea kipengele cha kuongezewa mwaka nikifikisha idadi fulani ya mechi, na nilipoikaribia idadi hiyo nikawekwa benchi bila maelezo. Bonasi za winga hutegemea mabao na pasi za mabao. Ukihamia nyuma zitakauka, kwa hiyo omba ziandikwe upya kwa mechi ulizocheza na mechi ambazo timu haikufungwa. Fanya hivyo kabla hujaanza kupangwa kama beki katika mechi rasmi, kwa sababu baada ya hapo klabu haina tena haraka ya kukaa nawe mezani.