Kabla Hujavaa Fulana ya Chama

Mpwa wangu ana miaka 22, yuko mwaka wa tatu chuoni, na Juni 2024 alikuwa barabarani Mombasa kwenye maandamano, na chupa ya maji na bendera kama wenzake. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika tatu na nusu ni kuvilaani vyama vya Kenya, kimoja baada ya kingine. Mwishoni ndipo akauliza: "Sasa mjomba, uchaguzi wa 2027 nijiunge na kimoja ama nikae kando?"

Yeye nimeshamjibu kwa mdomo. Naandika kwa ajili ya wengine wenye swali hilohilo, maana nimekaa ndani ya chama miaka minane. Nimekuwa wakala wa chama kwenye kituo cha kura, nimekuwa mjumbe wa wadi, kisha nikatoka. Chama chenyewe sikitaji; hao jamaa bado tunaswali nao safu moja.

Kwanza hakikisha kwamba hujajiunga tayari. Si mzaha. Mwaka 2021 Wakenya walipoanza kuchungulia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wengi walikuta majina yao yako kwenye vyama ambavyo hawajapata hata kuvisikia. Mimi nilikuwa na kadi ya chama kimoja mfukoni, na mtandaoni naonyeshwa ni mwanachama mwaminifu wa kingine. Sababu yake si ya ajabu. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka chama kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila kaunti, na kaunti hizo zizidi nusu ya zote 47. Hayo ni majina 24,000 kwa uchache. Sasa mtu mwenye chama cha mkobani, asiye na wafuasi hata wa kujaza tuktuk, majina atayatoa wapi? Tangu siku ile, askari wa mlangoni kwenye jengo lolote akinisukumia daftari la wageni niandike jina, nambari ya kitambulisho na simu, mkono wangu huwa mzito. Ushahidi sina. Mkono ndio mzito.

Ukijikuta kwenye orodha usiyoijua, andika barua ya kujiuzulu, nakala umpelekee Msajili wa Vyama, na uiweke iliyopigwa muhuri. Usipuuze. Kifungu cha 85 cha Katiba kinasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Na mgombea huru si kichekesho tena: mwaka 2022 Andrew Mwadime alichukua ugavana wa Taita Taveta bila chama, na Kawira Mwangaza akachukua wa Meru.

Baada ya hapo, jua unaingia kwenye kitu cha aina gani. Marehemu baba alikuwa na kadi ya KANU aliyoiweka kwenye sanduku la bati, pamoja na cheti chake cha ndoa. Kwa watu wa umri wake chama kilikuwa ndiyo serikali yenyewe, na kuanzia 1982 hadi 1991 sheria haikuruhusu kingine. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba chama kinaweza kuzaliwa Septemba na Desemba kikaingia kwenye uchaguzi wa rais, atakucheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwa PNU mwaka 2007. Hesabu mwenyewe aliyeshinda urais alikuwa wa chama gani: 2002 NARC, 2007 PNU, 2013 TNA, 2017 Jubilee, 2022 UDA. Chaguzi tano, vyama vitano. Wanasiasa wenyewe wanasema chama ni gari tu, na wanapoteremka hawamuulizi abiria.

Kwa hiyo usikipende kama unavyoipenda timu ya mpira. Usigombane na ndugu yako kwa ajili ya rangi ya fulana ambayo miaka mitano ijayo itakuwa tambara la kupigia deki.

Hapo mpwa wangu alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Tuliposhindana ni hapa. Yeye anasema wao walithibitisha kwamba vyama havina kazi tena: bila chama, bila kabila, bila kiongozi, simu mkononi. Waliusoma Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kuongeza kodi, kuliko wabunge wengi, wakauelezana kwa lugha za nyumbani, na Juni 26 rais akakataa kuutia saini. Kweli, na kuna vijana waliolipa kwa roho zao. Hilo halisemwi kwa haraka. Lakini siku moja kabla, mswada uleule ulipita bungeni kwa kura 195 dhidi ya 106. Hao 195 hawakuingia kwa dirisha. Wengi wao waliletwa na tiketi ya chama. Na mwezi wa Julai, wakati wa kuunda upya Baraza la Mawaziri, waliokaa kuzungumza walikuwa viongozi wa vyama. Watu wa ODM, chama kilichokuwa upinzani, wakaingia, akiwemo Hassan Joho, aliyekuwa gavana wetu hapa Mombasa. Vijana walipata habari kwenye televisheni kama mimi.

Ndiyo maana nasema: chama usikipende, lakini usikiachie wenyewe.

Kazi yenyewe haifanyiki kwenye mkutano wa hadhara. Mimi niliingia kwa bahati tu. Jumapili moja kulikuwa na uchaguzi wa chama wa mashinani katika uwanja wa shule ya msingi, viti vya plastiki 200 vimekodishwa, na kufikia saa sita tulikuwa watu 31. Wawili kati yao walikuwa wamekuja kungojea viti vyao. Dereva mmoja wa tuktuk akanipendekeza, muuza mahamri akaunga mkono, nikawa mjumbe. Ilichukua dakika tatu.

Sikujua nimepewa nini mpaka msimu wa mchujo ulipofika, yaani chama kuchagua wagombea wake. Mwaniaji aliyekuwa akitupungia mkono kwenye kioo cha gari akaja kwangu saa tatu usiku, kavua viatu mlangoni, na jina la mama yangu analijua. Aliacha unga, mchele na mafuta ya kupikia. Nilivipokea. Nasema hivyo kwa sababu wengi wenu mtavipokea pia, na afadhali mjue kinachofuata. Alipokwisha kushinda nilimfuata kuhusu banda la wavuvi, lile lililokaa mwaka mzima bila paa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ule unga ulifika salama.

Tangu marekebisho ya sheria ya 2022, chama kinaweza kuteua wagombea kwa kura ya wanachama wote au kwa wajumbe peke yao. Kabla hujachukua kadi, uliza chama chako kinatumia ipi hapo kwenu, na nani anatia saini cheti cha uteuzi. Wakikujibu kwa hadithi, umeshajibiwa. Kama ni wajumbe, basi ile Jumapili ya viti vitupu ndiyo uchaguzi wako. Kama ni wanachama wote, na chama ndicho chenye nguvu eneo lenu, mchujo ndio uchaguzi na wa Agosti ni harusi tu baada ya nikahi.

Na siku yenyewe uwe na subira. Mchujo mmoja nilioshuhudia, karatasi zilitakiwa zifike alfajiri zikaja saa tisa alasiri, orodha ya wanachama haikuja kabisa, na msimamizi akasema kila mwenye kitambulisho apige kura. Waliorudi nyumbani saa saba kupika, kura ikawapita. Tuliobaki mpaka fomu ya matokeo ikajazwa na kupigwa picha ndio pekee tuliokuwa na la kusema mbele ya kamati ya rufaa.

Mpwa wangu kaulizia kikao cha wadi, ni Jumapili ijayo saa nne. Anataka kujua avae nini. Nimemwambia avae kawaida, aje ameshakula, na simu iwe na chaji.