Unataka kununua boti na mumeo? Soma hapa kwanza

Juzi dada mmoja yuko Kilwa kanitumia meseji, anasema mumewe anataka wanunue boti ndogo na hela iliyopo ni mgao wake wa kikoba, sasa anauliza atoe au asitoe. Nikamjibu toa. Usiku nikakosa usingizi, nikaona jibu lile halitoshi, maana na mimi mwaka juzi nilitoa na nusura nizame nayo.

Sisi tupo Tanga. Mimi na mume wangu tulikua tunatamani boti toka hatujaoana, na najua mnaonisoma mnaitamani pia, ile yenu wenyewe, Jumamosi mnaamka mnaenda zenu kisiwani, Toten au Ulenge, bila kumbembeleza mtu, siku nyingine mnampa mvuvi mnagawana. Yeye akatafuta bodi, yaani boti tupu bila mashine, ya mbao, futi 18. Mimi milioni 2 yangu ya kikoba ikanunua mashine ya mtumba, HP 15, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Shemeji yangu alivyosikia akasema mbele za watu kwamba chombo hakitaki hela ya mwanamke. Neno lile ninalo mpaka leo.

Tukapigwa kwanza kwenye bodi. Aliyetuuzia kaipaka rangi mpya ya bluu, inang'aa, kumbe ilikaa juani miezi mingi mbao zimekauka zimeachana. Siku ya kuishusha maji yakatufika vifundoni na hata kamba ya ufukweni hatujafungua. Fundi akachokonoa pamba ya zamani yote, akakalafati upya, yaani akaziba nyufa kwa pamba mpya, akatwambia iacheni majini siku tatu mbao zinywe, zikivimba zitabanana zenyewe. Na kweli ikawa hivyo. Kwa hiyo msinunue rangi. Ishusheni majini ilale usiku mmoja, asubuhi mkaangalie, ndio mtoe hela.

Mambo ya usajili na ukaguzi wa TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, sielezi, fanyeni tu, hayana njia ya mkato.

Siku ya kuijaribu tukatoka Raskazoni saa moja asubuhi, bahari imelala kama kioo, na huo utulivu ndio ulionidanganya. Mwezi mpevu ulikua umepita siku mbili tu, maana yake ni bamvua, siku ambazo maji yanajaa sana na kupwa sana, maji yameshaanza kutoka toka alfajiri na yanatoka kwa nguvu, na umande, ule upepo wa asubuhi, nao unavuma kutoka bara kwenda baharini. Sisi hatukuuliza mtu. Tumeenda kama dakika kumi hivi, mashine ikakohoa, ikazima. Mume wangu akavuta kamba, ikawaka kidogo, ikazima. Akavuta, akavuta, mpaka kiganja kikachubuka na nikaona damu kwenye mkono wa mashine. Mimi huku naangalia minazi ya ufukweni inazidi kuwa midogo. Nikatupa nanga, kamba ilikua pima tano tu, kama mita tisa, haikugusa chini, ikawa inaning'inia tu huku tunaenda. Nikasimama nione kama kuna chombo karibu, ndipo akanipigia kelele, "Kaa chini wewe mwanamke, utatuzamisha!"

Laifujaketi ilikua moja. Alinivalisha mimi, hilo nalisema kwa haki yake. Lakini ile kelele niliisikia zaidi ya bahari yote.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja na ngalawa yake anarudi kuvua. Nikamwamkia shikamoo sauti inatetemeka, akaitika marahaba, mwanangu, akashika ubavu wa boti yetu, hata mashine hakuigusa. Akatazama tanki la mafuta, ule mpira wa kubonyeza umenywea bapa, akafungua kiskurubu cha hewa juu ya mfuniko wa tanki. Tukasikia hewa inaingia pssss. Akambonyezea mpira ukajaa, akasema vuta. Mara ya pili tu ikawaka. Kumbe kiskurubu kikifungwa hewa haiingii, tanki linajibana na mafuta hayapandi, mashine yenyewe haikua na shida yoyote. Kisha akaniuliza mimi, sio mume wangu, "Na wewe mwanangu, akianguka huyu majini unairudishaje?" Nikakosa la kumjibu.

Usiku mume wangu akaomba radhi. Nimemsamehe, ila nilimwambia sipandi tena kama mzigo.

Nikaenda kwa yule mzee siku kumi na mbili, nikajifunza kuvuta kamba, kuchanganya mafuta (dumu la lita 20 ni oili mili 400), kuhesabu maji kwa kuangalia mwezi. Nikajifunza na kuogelea, nina miaka 36, wanawake wangapi wa pwani tumezaliwa tunaiona bahari na hatujui kuogelea? Ndugu zangu, hili ni tatizo, na tunawarithisha mabinti zetu. Jifunzeni. Wote wawili mjue mashine, wote wawili mjue maji, na laifujaketi ziwe mbili, sio moja ya kupeana kwa mapenzi. Na nyie wanaume, mkeo akiweka hela kwenye chombo muwekee na mkono kwenye usukani, usimfanye abiria kwenye jasho lake. Jifunzeni wote wawili, narudia.

Jumapili iliyopita nimeipeleka mwenyewe mpaka Toten na kurudi, mume wangu kakaa mbele ananionyesha miamba, na pale ufukweni shemeji alikuwepo, akaipokea kamba niliyomrushia, hakusema kitu.

Dada wa Kilwa, hela toa, ila kabla hujatoa mwambie mumeo kwamba siku ya kujaribu wewe ndio unavuta kamba. Akikataa, nitafute tena kabla hujalipa. Sisi wiki hii ni maji mafu, yale yasiyo na nguvu, yanajaa saa nne asubuhi, tunaenda Ulenge.