Usifute kitu usiku wa leo mkuu, zima usawazishaji kwanza

Mkuu, kabla hujamaliza kusoma jibu hili nenda kwenye kompyuta ya dukani uzime usawazishaji, yaani ile programu ya dukani na ya uhasibu kutumiana data zenyewe. Ukishazima rudi.

Umesema mauzo ya tarehe 3 hadi 9 yapo kwenye programu ya dukani ila kwenye ya uhasibu hayaonekani, salio la Lipa Namba (ile namba ya kupokelea malipo ya simu) nalo haliendani, na unauliza kama ni heri uhamie programu nyingine. Sawa. Lakini kilichonifanya niandike ni ile sentensi yako ya mwisho, kwamba fundi kakwambia ufute miamala yote ya mwezi kwenye uhasibu halafu uvute upya, na utafanya leo ukishafunga duka. Hapana mkuu, nakuomba. Mimi nilishauriwa hivyohivyo mwaka 2022, duka la vifaa vya ujenzi kama lako, hapahapa Dodoma. Ilinichukua wiki tano kurudi nilipokuwa, na kuna hela hazijarudi mpaka leo.

Ilianza na kitu kidogo tu. Programu ya dukani ilijisasisha usiku, na namba za risiti zikabadilika. Risiti iliyokuwa 4471 ikawa A-4471. Kwa macho yangu ni risiti ileile, ila uhasibu ulikuwa unaitambua risiti kwa namba yake, basi. Namba mpya, risiti mpya. Kwanza mauzo ya siku mbili hayakuvuka, nikampigia fundi aliyetuunganishia mifumo. Hakuuliza chochote. Hakuomba hata picha ya ujumbe wa kosa. "Bonyeza vuta upya tangu mwanzo, itajipanga yenyewe." Nikabonyeza. Baada ya nusu saa kila risiti tangu Julai ilikuwa imeingia mara mbili, moja bila herufi na moja yenye A. Agosti nilikuwa nimeuza milioni 41, ripoti ikasema 82. Na tarehe 20 ya ritani ya VAT ilikuwa inakuja.

Hapo bado ningepona. Kilichonimaliza ni simu ya pili. "Futa zile za zamani, zisizo na herufi." Nikachagua zote, 1,140, nikafuta.

Ambacho hakuniambia ni kwamba kiunganishi, yaani ile programu inayopitisha data kati ya dukani na uhasibu, alikiweka cha pande mbili. Ukifuta kwenye uhasibu, dukani nako panafutika. Nilikuwa nimekaa kaunta, naangalia orodha ya mauzo, mistari inapungua yenyewe kutoka chini kwenda juu, mitano, kumi, ishirini. Kijana wa kaunta akauliza, "Bosi, mbona risiti ya yule wa nondo wa asubuhi haipo?" Nikachomoa waya wa intaneti ukutani. Nilichelewa. Risiti za dukani zilipoondoka, kiunganishi kikaenda tena kwenye uhasibu kikafuta na zile zenye A, kwa sababu kwake zote mbili zilikuwa kivuli cha risiti moja. Mauzo yalipofutika, stoku ikajirudisha: mfumo ukaonyesha bati 312, stoo zilikuwa 40. Wateja wawili tuliwauzia bati ambazo hatuna.

Na msiniambie sikuwa na bakapu (nakala ya akiba). Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye folda ambayo nayo inasawazishwa, kwa hiyo faili zuri lilifunikwa na faili bovu lenye jina lilelile. Tangu siku hiyo bakapu kwangu ni flashi iliyochomolewa na kufungiwa kwenye droo.

Hasara yenyewe ilikuwa kwenye madeni. Unajua biashara yetu, mafundi na makandarasi wanachukua saruji leo wanalipa wakilipwa. Mmoja nilimfuata saiti Iyumbu, nadai 2,150,000. Akaniomba nimuonyeshe ankara. Nikafungua simu, jina lake lipo, deni sifuri. Akaangalia, akanirudishia simu taratibu, akasema, "Mfumo wako mwenyewe unasema sina deni, kaka." Ningemjibu nini? Kwa jumla 6,380,000 zilibaki bila ankara, na nimekusanya chini ya nusu.

Kilichoniokoa kwenye kodi ni mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za TRA. Ile haikuunganishwa na programu zangu hizo mbili, na ripoti za Z za kila siku nilikuwa nazipanga kwenye faili. Lakini ripoti ya Z inakupa jumla ya siku na kodi yake, haikuambii nani alikopa bati ngapi. Hayo niliyapata kwenye kaunta buku ya mzee wa stoo, ambaye hakuwahi kuiamini kompyuta na kila mzigo uliotoka aliuandika kwa kalamu. Wiki tano, vijana wawili, risiti moja moja. Fundi nilimpigia siku tatu mfululizo. Siku ya nne akapokea, akasema mimi ndiye niliyebonyeza. Ni kweli nilibonyeza. Lakini mtu anayelipwa kuunganisha mifumo ya watu na hajui, au hasemi, kwamba kufuta upande mmoja kunafuta na wa pili, huyo asishike kompyuta ya duka la mtu. Bado nina hasira naye, na wako anaongea lugha ileile.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu: risiti moja kwanza. Usiguse mwezi mzima wakati hujajua risiti moja imekwama wapi.

Usawazishaji ukiwa umezimwa, nakili data za pande zote mbili kwenye flashi, chomoa. Chukua risiti moja ya tarehe 3, ya fedha taslimu, yenye bidhaa moja. Ifungue dukani, kisha itafute kwenye uhasibu kwa kiasi, usitafute kwa namba wala kwa tarehe. Mara nyingi utaikuta ipo, imevaa nguo nyingine. Inawezekana imekaa tarehe 2, maana mifumo mingi inatunza muda kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Tarehe iliyoandikwa saa sita usiku ya Dodoma, kule ni saa tatu usiku ya jana yake. Au programu moja inasoma mwezi kabla ya siku, basi tarehe 3 Oktoba, kwa mfano, inaenda kulala tarehe 10 Machi. Kwa kuwa zako zilizopotea zote ziko chini ya tarehe 13, hili ningeliangalia mapema sana, kwa sababu kuanzia tarehe 13 hakuna mwezi wa kuichanganya nao.

Kama haipo kabisa, fungua orodha ya makosa ya kiunganishi, usome mstari wa risiti hiyohiyo. Mtu akibadilisha "Saruji 50kg" kuwa "Cement 50kg" upande mmoja, bidhaa inakosa mwenzake na risiti inakataliwa. Mhasibu akiufunga mwezi, risiti za nyuma hazipokelewi. Nywila ikibadilishwa, ruhusa ya kuunganisha inaweza kufa kimyakimya. Ukiipata, angalia na kodi: risiti ya 118,000 ambayo VAT imo ndani isije ikaingia 139,240 kwa kuongezewa asilimia 18 mara ya pili.

Rekebisha hiyo moja. Ruhusu hiyo moja ivuke. Hesabu pande zote mbili. Kisha siku moja, uilinganishe na ripoti ya Z ya siku hiyo. Kisha ndiyo siku sita zilizobaki.

Lipa Namba iwe na akaunti yake kwenye vitabu. Ukihamisha hela kwenda benki andika uhamisho, usiandike mauzo, na makato yaende kwenye gharama. Ukiandika mauzo utakuwa umeuza mara mbili.

Muulize fundi wako swali hili kwa maandishi, kwa ujumbe wa simu: "Nikifuta hapa, na dukani kunafutika?" Akizunguka, usimpe nywila. Na ukishaipata ile risiti moja piga picha ya pande zote mbili, funika jina la mteja, weka hapa kwenye uzi. Nipo macho mpaka saa tano usiku.