Presha kwanza, homosisteini baadaye

Swali: Nina miaka 61. Daktari amesema vena (mshipa unaoondoa damu) ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imeziba jicho la kushoto. Nikapime homosisteini (asidi ya amino iliyomo kwenye damu)?

Presha yako ni ngapi? Hukuandika, na barua za namna hii huniudhi kwa kosa hilohilo. Ni kweli kwamba waliopatwa na tatizo hili mara nyingi hukutwa na homosisteini ya juu kuliko wenzao. Lakini kwa umri wako mshukiwa wa kwanza ni presha. Ndani ya retina, ateri (mishipa inayoleta damu) na vena zinapopishana hufungwa katika ala moja. Ateri ikikakamaa kwa presha ya miaka mingi, huibana vena, damu inavurugika hapo na donge la damu hujijenga. Anza na presha, sukari, kolesteroli, hesabu kamili ya chembe za damu, figo, na presha ya ndani ya jicho, maana glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, nayo ni mshirika.

Swali: Majibu yangu ya homosisteini ni 19 na kiwango cha mwisho cha kawaida ni 15. Ninunue vidonge vya foliki (vitamini B9)?

Usinunue bado. Ulizia kwanza sampuli ilikaa muda gani kabla ya maji ya damu kutenganishwa na chembe. Chembe nyekundu huendelea kutoa homosisteini ndani ya chupa. Ikicheleweshwa bila barafu, namba hupanda bure. Kama kweli iko juu, pima vitamini B12 na figo. Mwenye upungufu wa B12 akimeza foliki peke yake, damu hupata nafuu huku neva zikiendelea kuharibika. Mnaotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, nanyi pimeni B12, kwa sababu dawa hiyo huishusha. Tena vidonge vya foliki hushusha homosisteini, lakini haijathibitishwa kwamba vinakinga vena za jicho. Wauzaji hawawaambii hilo.

Swali: Aspirini itazibua?

Haizibui.

Swali: Nina miaka 29, sina presha wala sukari, na vena imeziba. Kwa nini?

Kwako ndiko vipimo vya nadra vina kazi: homosisteini, kingamwili za antifosfolipidi (zinazochochea damu kuganda), protini C na S (zinazozuia damu kuganda ovyo). Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mwambie daktari. Yakipatwa macho yote mawili kwa pamoja, itafutwe damu nzito: chembe nyekundu kupita kiasi, au saratani ya damu.

Swali: Jicho lina ukungu wiki tatu sasa, haliumi. Nitumie matone gani?

Mara ngapi nijibu hili? Vena ikiziba haiumi, na hakuna matone ya kuizibua. Maji yakijaa katikati ya retina hutibiwa kwa sindano ndani ya jicho, na kila wiki ya kusubiri hupunguza kinachoweza kuokolewa. Ukingoja maumivu, huenda yakaja na mishipa mipya dhaifu iliyopandisha presha ya jicho, na hapo kuona huwa kumekwenda. Nenda kwa daktari wa macho leo, na presha ya mkononi ipimwe hapohapo.