Chai kavu, mahamri mawili na foleni ya skani

“Mama, umekula chochote leo?”

“Chai tu, mwanangu.”

“Chai kavu?”

Akatazama pembeni. “Na mahamri mawili. Na mbaazi kidogo.”

Alikuwa amevuka Likoni na feri ya alfajiri, akakaa kwenye benchi letu mpaka saa nne, na alikuja kupigwa ultrasaundi ya mfuko wa nyongo. Mfuko huo ukipata chakula, hasa chenye mafuta kama mbaazi za nazi, hujikamua ukasinyaa, na gesi ya tumboni huziba kilichobaki. Ikabidi arudi siku nyingine. Kosa halikuwa lake. Kadi yake ilikuwa na tarehe tu, wala hakuna aliyemwambia aje na njaa.

Nimekaa kaunta ya kitengo cha picha miaka sita, katika hospitali moja hapa Mombasa. Watu wakilalamikia foleni husema mashine ni chache. Ni chache, sikatai. Lakini mashine ya CT, ile ya eksirei inayomzunguka mgonjwa, ikishamlaza mtu, humalizana naye kwa dakika chache. Muda mwingi huliwa kabla ya mlango ule, na sehemu yake waweza kuiokoa mwenyewe.

Ultrasaundi ya tumbo la juu, usile kwa muda wa saa 6 hadi 8. Maji matupu kwa kawaida hayana neno. Ya nyonga ni kinyume: unywe maji ya kutosha na usiende haja ndogo, kibofu kiwe kimejaa. Mwenye kisukari aombe nafasi ya kwanza asubuhi, na amuulize daktari kuhusu dawa zake siku hiyo.

CT ya kudungwa dawa mshipani mara nyingi hutaka kwanza kipimo cha damu cha figo, kriatinini. Mtu akija bila majibu hutumwa maabara, na akirudi zamu yake imeshapita. Pima siku chache kabla, uje na karatasi mkononi. Ukiwa unatumia metformini, dawa ya kisukari, au dawa hiyo ya kudungwa kwa CT iliwahi kukuwasha au kukuvimbisha, sema mapema.

Kwa MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, adui ni chuma. Sumaku ile huwa inafanya kazi hata kama hakuna anayepigwa picha, na picha yenyewe huchukua nusu saa, pengine zaidi. Nimewahi kusimama kwenye sinki na sabuni ya vyombo, nikimsaidia mama mmoja kuvua bangili za dhahabu alizovaa tangu harusi yake, huku walio nje wakiguna. Bangili, kipini, vipuli na pini za mtandio viache nyumbani. Mwenye kifaa cha moyo au chuma cha mfupa aseme siku anayochukua miadi.

Bima nayo ina foleni yake. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, bado wapo wanaodhani kusajiliwa kwatosha. Picha kubwa mara nyingi hutaka idhini kwanza. Ifuatilie kabla hujapanda matatu.

Sasa niseme na wenzangu wa hospitali. Sisi zamani tulimwandikia kila mtu saa mbili asubuhi. Watu thelathini, mashine moja, saa ileile! Hiyo si miadi, ni mwaliko wa harusi. Tulipogawanya saa, benchi likapumua. Lakini kilichosaidia zaidi ni simu ya jioni: umeambiwa usile? Majibu ya figo unayo? Idhini imetoka? Kesho utakuja kweli? Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa, maana asiyekuja nafasi yake hupewa mwingine usiku uleule. Mkubwa wangu alinung'unikia pesa za simu kwa wiki mbili, kisha akanyamaza.

Na mpange kwa kalenda ya mji huu. Ijumaa kuanzia saa sita na nusu msimpe mtu miadi, nusu yetu tuko msikitini. Ramadhani, ultrasaundi za tumbo la juu ziwekeni mchana, wagonjwa wengi wana njaa tayari. Zinazotaka maji zisubiri baada ya futari, kama kuna zamu ya usiku.

Akiletwa majeruhi wa bodaboda atapita mbele yenu wote. Hilo halina dawa, ila mhudumu atoke awaambie waliokaa.

Jambo jingine: picha si ripoti. Ripoti huandikwa na daktari wa picha, na yaweza kutoka kesho yake. Uliza itakuwa tayari lini, na kama itatumwa moja kwa moja kwa daktari wako. Nimeona wazee wamekaa hadi alasiri wakingoja bahasha ambayo siku hiyo haikuwa itoke.