Ukienda Uturuki, Itazame Ardhi Kabla ya Magofu

Kila inapokaribia Aprili, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Nimepata tiketi ya Istanbul, nina wiki moja, hebu nipangie." Chini yake huwa kuna orodha: Istanbul, Kapadokia, Pamukkale, Efeso, Antalya, na muda ukiruhusu Trabzon. Kazi yangu ya kwanza ni kufuta nusu ya orodha hiyo. Nchi ile ina kilomita za mraba zipatazo 780,000, na kutoka mpaka wa Ugiriki hadi mpaka wa Iran ni zaidi ya kilomita 1,500. Anayetaka kuimaliza kwa wiki moja atarudi nyumbani akiwa anakumbuka viti vya mabasi na kaunta za hoteli.

Nilisoma Ankara, na likizo zangu nyingi ziliishia kwenye mabasi ya usiku, yale ambayo utingo anapita na kigari akigawa chai na biskuti. Baada ya kuzunguka sana nilibaki na kigezo kimoja cha kuchagua pa kwenda: napendelea mahali ambapo ardhi yenyewe inakueleza kwa nini watu walijenga pale, au kwa nini walihama. Hapo hata mtu aliyechukia somo la historia shuleni hachoki, kwa sababu jibu liko chini ya miguu yake.

Chukua Istanbul. Wageni wengi hukimbilia Hagia Sophia asubuhi ya kwanza. Mimi nasema anza majini. Nenda Eminönü, panda kivuko cha kawaida cha abiria kinachokwenda Üsküdar au Kadıköy, na ulipe kwa Istanbulkart, kadi ile ile unayopandia tramu na metro. Achana na wanaokuita kando ya gati wakinadi "ziara ya Bosphorus", ule mlango wa bahari unaopita katikati ya mji. Kivuko cha wananchi kinapita kwenye maji yale yale kwa nauli ndogo sana. Kikishaondoka, geuka utazame nyuma. Utaona kwamba mji wa kale uko kwenye rasi: kusini Bahari ya Marmara, mashariki Bosphorus, kaskazini ile hori inayoitwa Pembe ya Dhahabu. Aliyejenga ukuta madhubuti upande wa nchi kavu, kama walivyofanya Warumi wa Mashariki katika karne ya 5, na akaweka mnyororo kwenye mlango wa hori, alikuwa ameufunga mji. Ndiyo maana mwaka 1453 Sultan Mehmed II wa Dola ya Osmani (Ottoman), akiwa ameuzingira mji, aliamua kuvuta merikebu zake juu ya nchi kavu, kupitia vilima vya Galata, na kuziteremsha ndani ya hori nyuma ya mnyororo. Ukiwa kwenye kivuko unaviona vilima hivyo na mwinuko wake, na unaelewa ni wazimu wa namna gani.

Sasa ndiyo uende Hagia Sophia. Ilijengwa kwa miaka mitano tu, 532 hadi 537, kwa amri ya Mfalme Justinian, na kuba lake la kwanza liliporomoka mwaka 558 baada ya tetemeko. Imekuwa kanisa, msikiti, makumbusho, na tangu Julai 2020 ni msikiti tena. Kuanzia Januari 2024 watalii wa kigeni wanalipa kiingilio, kilichoanzia euro 25, na wanapitishwa ghorofani. Sakafu ya chini ni ya wanaoswali. Nenda, maana michoro ya vigae vya dhahabu kule juu ni ya ajabu, ila usimalizie pesa na nguvu zako hapo.

Kwa maoni yangu msikiti wa kukaa muda mrefu ni Süleymaniye, uliojengwa na msanifu majengo Mimar Sinan kati ya 1550 na 1557. Kuingia ni bure, msongamano ni mdogo kuliko Msikiti wa Bluu, na uani mwake unaitazama Pembe ya Dhahabu yote. Nyuma yake kuna makaburi ya Sultan Süleyman na mkewe Hürrem. Mliofuatilia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili mtawasalimia kama jamaa. Akina dada bebeni mtandio wenu, akina kaka vaeni suruali ndefu, na viatu viwe vya kuvuliwa upesi.

Maonyo mawili ya haraka. Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne, na la Dolmabahçe Jumatatu. Na ukimwona mng'arisha viatu mitaa ya Sultanahmet ameangusha brashi mbele yako, mwite uionyeshe kwa kidole, kisha uendelee na safari. Ukiinama kuiokota atakushukuru kwa kukung'arishia viatu, halafu bei itatajwa baadaye.

Ukipata nafasi ya ziada, tembelea Makumbusho ya Majeshi ya Bahari pale Beşiktaş, hasa wewe wa Lamu au Mombasa. Miaka ya 1580 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, alifika na merikebu hadi pwani yetu, na baadhi ya miji ikamuunga mkono dhidi ya Wareno. Mwaka 1589 Wareno walimkamata Mombasa. Kuziona merikebu za makasia za zama za masultani huku ukijua kwamba vyombo vya Dola ya Osmani viliwahi kutia nanga kwetu, hiyo ni hadithi ambayo muongoza watalii hatakusimulia.

Kutoka Istanbul, mwenye wiki moja achague eneo jingine moja tu. Chaguo langu ni Kapadokia, katikati ya nchi. Unaruka kwa ndege hadi Kayseri au Nevşehir, kisha gari hadi Göreme. Volkano za kale, Erciyes na Hasan zikiwemo, zilimwaga majivu yaliyogandamana yakawa mwamba laini. Mvua na upepo vikauchonga ukawa minara na vichuguu vyenye kofia za mawe magumu. Mwamba huo unachimbika kwa vifaa vya mkono, na ukishapata hewa unakuwa mgumu zaidi. Basi watu wakachimba: nyumba, mazizi, makanisa, na vibanda vya njiwa ambao mavi yao yalikuwa mbolea ya mizabibu. Kule Derinkuyu walichimba mji mzima unaoshuka hadi mita 85 hivi, wenye visima, mashimo ya hewa, na milango ya mawe ya mviringo inayoviringishwa kutoka ndani adui akija. Mwenye hofu ya mahali finyu asishuke. Baadhi ya njia unapita umeinama, na aliye nyuma yako hawezi kurudi kukupisha.

Puto la hewa moto ndilo kila mtu analoulizia. Ni ghali na bei hubadilika kwa msimu na hata kwa siku. Ukiamua kupanda, weka oda ya asubuhi yako ya kwanza kabisa, kwa sababu upepo ukiwa mkali mamlaka ya anga huzuia maputo yote kuruka, na utahitaji asubuhi nyingine ya akiba. Asiye na bajeti asinune: panda kilima kilicho juu ya Göreme kabla ya jua kuchomoza, utayaona maputo yakijaa angani bila kulipa chochote cha maana. Mchana, acha magari ya kundi na utembee kwa miguu mabondeni. Bonde la Njiwa, kutoka Uçhisar kushuka Göreme, ni kama kilomita 4, na mabonde ya miamba myekundu yanayoitwa Güllüdere na Kızılçukur yafaa alasiri. Beba sweta hata Mei, kwa maana pale ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku hauna huruma kwa mtu wa Tanga.

Mwenye siku kumi na zaidi aongeze magharibi: Selçuk na Denizli, ambazo zimeunganishwa na treni ya kawaida. Selçuk ndiko uliko mji wa kale wa Efeso. Ingia kwa lango la juu uteremke, usije ukapanda mlima juani huku marumaru nyeupe ikikuchoma macho kutoka chini. Maktaba ya Celsus ndiyo kila mtu anapiga nayo picha. Ni kaburi pia, kwani Celsus mwenyewe, liwali wa Kirumi, alizikwa chini yake, na ukuta ule wa mbele ulisimamishwa upya na wanaakiolojia miaka ya 1970. Ila nenda ukakae juu kabisa kwenye ukumbi wa wazi uliobeba watu wapatao 25,000. Ndio ule wa Matendo ya Mitume sura ya 19, ambamo wafua fedha wa mungu wa kike Artemi walizusha ghasia wakimlalamikia Paulo. Kutoka pale fuata kwa macho barabara iliyonyooka mbele yako. Ilikuwa inakwenda bandarini. Bandari haipo. Mto ulileta tope mwaka baada ya mwaka, bahari ikasogea kilomita kadhaa, na mji uliotajirika kwa meli ukabaki katikati ya mashamba.

Pamukkale, karibu na Denizli, nina maneno machache nayo. Zile ngazi nyeupe ni kweli za chokaa iliyoachwa na chemchemi za moto, na utatembea juu yake bila viatu. Lakini picha za mtandaoni zinadanganya: maji hupelekwa kwa zamu, kwa hiyo mabwawa mengi utayakuta makavu. Usiende kwa ajili ya kuogelea. Nenda kwa ajili ya mji wa Hierapoli ulio juu yake, hasa makaburi yake yanayoenea njiani kama kijiji kingine. Kisha mwombe dereva akupitishe Laodikia, dakika chache tu kutoka hapo, ambako makundi ya watalii mara nyingi hayafiki. Wakristo wanalijua kanisa la Laodikia kwenye Ufunuo, lile lililoambiwa ni vuguvugu, si moto wala baridi. Pale utaona mabomba ya kale yaliyozibwa na chokaa, na ng'ambo ya bonde unaona weupe wa Pamukkale. Wafafanuzi wengi wanahusisha maneno yale na maji ya eneo hili, na ukisimama hapo huhitaji kushawishiwa sana.

Mashariki iache kwa safari ya pili, na ipe safari yake yenyewe. Şanlıurfa kuna Göbekli Tepe, nguzo za mawe zenye umbo la T zilizosimamishwa yapata mwaka 9500 kabla ya Kristo, kabla ya piramidi kwa maelfu ya miaka. Anzia makumbusho ya mjini ndipo uende kilimani, la sivyo utaona mawe tu chini ya paa. Jioni kaa kando ya Balıklıgöl, bwawa la samaki ambalo wenyeji wanalihusisha na Nabii Ibrahim. Samaki wale hawaliwi. Na mwenye miguu imara afike Ani, karibu na Kars, mji mkuu wa kale wa Waarmenia uliokaa juu ya korongo mpakani, wenye makanisa na msikiti mmoja vimesimama nyikani. Wakati wa baridi Kars hufunikwa na theluji, kwa hiyo panga kati ya Mei na Septemba.

Kwa magharibi na katikati ya nchi, Aprili, Mei, Septemba na Oktoba ndiyo miezi yangu. Epuka wiki za Idi mbili, kwa kuwa Waturuki wenyewe husafiri kwa wingi na tiketi za mabasi huisha mapema. Viingilio vya wageni sehemu nyingi kubwa hupangwa kwa euro na hupanda, kwa hiyo piga hesabu: ukiwa na vituo vingi, pasi ya makumbusho inaweza kukuokolea pesa, na ukiwa na viwili vitatu, lipa kimoja kimoja. Suala la viza linategemea pasipoti yako na viza nyingine ulizonazo. Angalia tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki kabla hujalipa tiketi, na usipitie kwa wakala anayekuhakikishia kwamba "itapatikana tu".